Swali la Minazi Sita

Mimi ni mwoga. Nalitanguliza neno hilo mapema ili msomaji asije akanidhania ushujaa huko mbele. Nilipokuwa msichana niliogopa ngazi ya nyumba yetu, iliyokuwa na kiza hata saa sita ya mchana. Niliogopa kishindo cha mlango mkubwa ukifungwa. Na zaidi ya yote niliogopa kukosea mbele ya watu. Mama, ambaye nilikuwa nikiishi naye wawili tu tangu baba alipofariki, alikuwa akisema kwamba mimi uji naupuliza mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya moto na ya pili kwa sababu ya wasiwasi. Kwa hiyo siku mwalimu wetu aliposimama mbele ya darasa, katika chuo cha walimu wanawake pale mjini Unguja, akatangaza kwamba kila mmoja wetu atafanya uchunguzi wake peke yake, vidole vyangu vilipoa, na ilikuwa ni katikati ya joto la Kaskazi.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa Kizungu. Kiswahili chake kilikuwa sahihi kutushinda sisi wenyewe, na kwa hiyo kilituchekesha. Alitufundisha kwamba njia za kuchunguza ni tatu. Kwanza ni karatasi za zamani, uzisome zilivyosema. Pili ni macho, ukae pahala utazame watu wanavyofanya kazi, bila ya kuwaingilia. Tatu ni masikio, uwaulize watu na uandike majibu yao. Karatasi isiaminiwe mpaka mtu aulizwe, na mtu asiaminiwe mpaka karatasi itazamwe. Wenzangu waliandika maneno hayo na kupindua ukurasa. Mimi niliyahifadhi kama nilivyohifadhi sura fupi fupi za Kurani chuoni nilipokuwa mdogo, kwa kuogopa bakora.

Nilichagua kamba za makumbi. Sikuzichagua kwa kuzipenda. Mlango wa pili na nyumba yetu palikuwa na duka la kamba, na kila baada ya majuma kadhaa alikuwa akija bibi mmoja mjane kutoka shamba, upande wa Chwaka, kuuza kamba zake pale. Akichelewa gari ya kurudi alilala kwetu. Nilimjua tangu nikiwa mdogo, mkimya, viganja vyake vigumu kwa kusokota, na nikaona kwamba kama lazima niende kukaa kwa watu, basi bora nikae kwa mtu ambaye simwogopi. Mama akakubali kwa sababu hiyo hiyo. Bibi naye alipoambiwa alisema tu, "Karibu. Kitanda kipo."

Nilianza na karatasi. Mwalimu aliniandikia barua, nayo ikanifikisha kwenye chumba cha juu cha jengo moja la serikali, madirisha yakitazama bahari lakini yamefungwa daima, vumbi mpaka kooni, na mabunda ya karatasi yamefungwa kwa utepe wa pamba na kupangwa ukutani hadi darini. Mkubwa wa chumba kile alikuwa karani mzee wa Kingazija, kofia yake nyeupe, miwani yake imefungwa uzi. Hapakuwa na mwanamke mwingine humo. Nilisimama mlangoni na buibui langu kwa muda mrefu, nikitumaini ataniambia nirudi nyumbani.

"Shikamoo," nikasema mwishowe.

"Marahaba, mwanangu. Mikono umekosha?"

Alinipeleka mwenyewe kukosha mikono, kisha akanionyesha mambo yalivyokaa. Mashtaka ya watu wa shamba yalikuwa ndani ya mabunda, mengi yao kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Hukumu zilikuwa mbali, ndani ya daftari kubwa, kwa Kiingereza. Nambari iliyoandikwa kwa penseli nyekundu pembeni mwa shtaka ndiyo iliyokupeleka kwenye hukumu yake. Bila ya nambari ungeweza kulipekua daftari lile mwezi mzima usipate kitu.

"Na ukimaliza kusoma, rudisha ulipotoa," akaniambia. "Karatasi ikiungua, tutajua imeungua, tutaisahau. Ikiwekwa pahala si pake, hiyo ipo na haipo. Hata matanga hatuiwekei."

Nilikaa humo siku tano, na kila siku niliogopa kitu kipya: kukohoa, kuchana ukurasa, kuulizwa nafanya nini. Siku ya tano niliona shtaka moja kutoka mji ule ule wa bibi, la miaka arubaini nyuma. Mtu mmoja alikuwa akimlalamikia mgeni kutoka Tumbatu. Alisema mgeni yule alipewa pahala pa kujenga kibanda na kulima muhogo, kwa wema, na sasa amepanda minazi sita kando ya nyumba yake, jambo ambalo mgeni hapaswi kulifanya. Aliomba serikali iing'oe.

Jina la mgeni lilikuwa ni la marehemu mume wa bibi. Nikaisoma karatasi ile tena, nikainakili yote ndani ya daftari langu, pamoja na ile nambari nyekundu. Nikamwomba karani daftari la hukumu.

"Limekwenda kushonwa jalada," akasema. "Njoo Jumatatu."

Lakini Jumamosi ndiyo ilikuwa safari yangu ya shamba. Nikajiambia kwamba hukumu naijua bila ya kuisoma. Mgeni ni mgeni. Kama minazi ilikuwa bado imesimama, basi ni kwa sababu watu wamesahau. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mwanafunzi wa uchunguzi, nikafunga daftari langu na kwenda zangu.

Mji wa bibi ulikuwa kwenye mawe na mchanga, nyumba zake za udongo na makuti, na nyuma ya nyumba yake ilisimama minazi sita, mirefu, imeinama kidogo upande wa pwani. Niliihesabu kabla sijavua viatu.

Siku tisa za mwanzo nilitazama tu, kama nilivyofundishwa. Bibi na wenzake walikuwa wakifukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni, maji yanapotoka, na kuyawekea mawe juu. Baada ya miezi waliyafukua, yakinuka uvundo wa kukutoa machozi, wakayaponda kwa magongo mpaka zikabaki nyuzi, na nyuzi hizo bibi alizisokotea pajani, akizungumza au akinyamaza, mkono wake haukosei. Niliandika kila kitu. Niliandika kumbi moja linapigwa magongo mangapi. Niliandika pia kwamba bibi hakuwa akiokota nazi ya mtu mwingine hata ikimwangukia mguuni. Makumbi yake yote yalitoka kwenye minazi ile sita. Nikaelewa hapo kwamba mtu akimwondolea minazi amemwondolea kamba, na akimwondolea kamba hana tena cha kumkalisha pale, kwani watoto wake wote aliwazika wadogo.

Nililielewa hilo vizuri sana. Ndiyo maana sijapata udhuru mpaka leo.

Siku ya kumi ilikuwa ya masikio. Sheha alinipeleka kwa mmoja wa wakubwa wanne wa mji, ambao ndio walioamua mambo ya ardhi pale. Alikuwa amekaa barazani kwake na watu wengine watano au sita, akikata popoo za kutafuna na tambuu. Siasa ilikuwa ndiyo kwanza inaingia visiwani, watu wameanza kuulizana asili zao, na mtu mwenye daftari na penseli alikuwa hatazamwi kwa jicho zuri. Nikakaa chini kwenye mkeka, nimejitanda vizuri. Nikauliza habari za makumbi. Akanijibu kwa upole. Nikauliza habari za magongo. Akanijibu. Watu wakaanza kucheka kidogo, wakiniona mtoto wa mjini asiyejua kitu, na kicheko kile kikanifanya nione haya. Nikataka waone kwamba na mimi nimesoma.

"Nimeona mjini karatasi ya zamani," nikasema. "Inasema minazi sita iliyo nyuma ya nyumba ninayokaa, aliyeipanda ni mgeni. Ni kweli, mzee? Ile minazi kapanda nani?"

Mkono uliokuwa ukikata popoo ukasimama. Mtu mmoja akavaa viatu vyake, akaondoka.

"Nani kakutuma?" mzee akaniuliza.

"Hakunituma mtu. Nnajifunza."

"Hilo jawabu lake ushaliandika?"

"Bado, mzee."

"Hata. Ushalisema."

Wanasema kuuliza si ujinga. Yawezekana, lakini aliyesema hivyo hakupata kukaa kwenye mji ule. Pale ardhi ilikuwa ya mji, na mti ulikuwa wa mwenye kuupanda. Mgeni alipewa pa kujenga na pa kulima vitu vya msimu, lakini mti wa kudumu hapandi ila kwa ruhusa, kwa sababu mwenye mti hafukuziki. Kwa hiyo kuuliza mbele ya watu "mnazi huu kapanda nani" halikuwa swali la mazungumzo. Ndivyo mtu alivyofungua daawa ya kudai mti. Mwenye kutaka kujua tu huuliza kama nazi zake ni tamu, akaishia hapo. Watu wa mji walikuwa wamekaa na minazi ile miaka arubaini kwa kutoulizana, na mimi, mgeni wa siku kumi, ndiye niliyeuliza.

Aliyevaa viatu akaondoka alikuwa mjukuu wa yule mlalamikaji wa zamani, mtu mzima mwenye watoto. Kabla ya alasiri makuti makavu yalikuwa yamefungwa kwenye mashina yote sita, alama kwamba mtu asipande wala asiokote mpaka maneno yaishe.

Nilirudi nyumbani. Bibi alikuwa uani anaponda makumbi. Alikuwa ameshayaona makuti na ameshaambiwa. Nilingoja anifukuze. Nilitamani anifukuze. Hakusimamisha gongo.

"Hiyo karatasi uliisoma mwenyewe?" akaniuliza.

"Naam, bibi."

"Ipo?"

"Ipo."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kuponda.

Neno lile lilinichoma. Kwetu mtu hufiwa akasema alhamdulillahi, huvunjikiwa na chombo akasema alhamdulillahi. Nilijua bibi ameshakata tamaa na amemwachia Mungu. Usiku ule na ule uliofuata nililala naye kitanda kimoja, nikamsikia anageuka huku na huku, na sikumwuliza neno. Nilikuwa nimeshauliza vya kutosha.

Siku ya kumi na mbili wakubwa walikaa. Mimi nilijificha chumbani na mzigo wangu umefungwa. Yule mzee wa popoo akaja mwenyewe mpaka mlangoni, akaniambia kwa sauti isiyo na ugomvi kwamba wameamua karatasi itafutwe mjini, na ikipatikana ndiyo itakayohukumu. Watakuja mjini juma lijalo. Mimi nijiweke tayari kuwaonyesha.

Nikapanda gari ya asubuhi. Bibi alinipa nazi mbili kavu za kumpelekea mama, nadhani alizokuwa nazo ndani kabla ya makuti kufungwa, na nikazipakata njia nzima kama mtu aliyepewa maiti ya mtoto.

Nilipofika mjini sikuweza kula. Nilimwona bibi kila nilipofumba macho, ametoka na mkeka wake chini ya kwapa, hana pa kwenda, na aliyemtoa ni mimi. Siku ya tatu nikajua nitakalofanya. Nikakosha mikono, nikapanda ngazi za jengo lile, nikamwambia karani nahitaji kuangalia jambo dogo.

"Daftari la hukumu limerudi," akanambia. "Unalitaka?"

"Silitaki, mzee. Nataka mashtaka tu."

Sikulitaka kwa sababu sikutaka kuiona kwa macho yangu hukumu ya kumtoa bibi. Nilidhani nisipoiona haitakuwa na nguvu. Nikafungua bunda, nikaitoa ile karatasi. Kuichana sikuthubutu. Kuitia ndani ya buibui nilifikiri, nikaona mlango, nikaona tarishi amekaa mlangoni, nikaona polisi, nikajiona mimi gerezani na mama ananiletea chakula kwenye bakuli la bati. Jasho lilinitoka mpaka karatasi ikapata alama ya kidole. Ndipo nikakumbuka maneno ya karani kuhusu karatasi iliyopo na haipo. Nikalivuta bunda jengine kabisa, la habari za visima vya Mangapwani na huko kaskazini, ambalo niliona kwa vumbi lake kwamba hakuna aliyeligusa siku nyingi. Nikaichomeka katikati. Nikafunga utepe. Bila ya kujijua nikafunga fundo la kamba za bibi badala ya fundo la ofisi, nikalifungua nikafunga upya.

Karani alikuwa akisoma gazeti. Nikamwaga kwa heri, akaniombea dua nifaulu masomo.

Wakaja. Wakubwa wawili, yule mjukuu, na bibi. Bibi alifikia kwetu, akakaa na mama, kwa sababu ofisini alisema si pahala pake. Wanaume wakaenda kwa karani, na baada ya saa moja tarishi akaja kuniita.

Nilipoingia, mabunda matatu yalikuwa yamefunguliwa mezani na karani amevua kofia. Sikupata kumwona amevua kofia kabla ya hapo.

"Mwanangu, wewe uliiona. Ilikuwa bunda gani?"

"Hili, mzee."

"Humu haimo. Nambari yake unaikumbuka?"

Nambari ilikuwa ndani ya daftari langu, na daftari langu lilikuwa chini ya godoro nyumbani. "Siikumbuki," nikasema.

"Hukuiandika?"

"Sikuiandika."

Aliniangalia juu ya miwani. Kisha akageukia wale wazee, akawaambia kwa masikitiko kwamba karatasi haikuonekana, na kwamba hajui atasema nini, kwa sababu haijapata kumtokea. Nilimtazama yule mjukuu nikitaraji kumwona ameghadhibika, na nikamwona tu ameshusha pumzi. Nilikiona kitu kile, na mimi ndiye niliyefundishwa kutazama, nikakiacha kipite.

Nilirudi nyumbani mbio. Hofu ilikuwa imenitoka kwa mara ya kwanza tangu siku ya swali, na pahala pake pameingia furaha. Mama alikuwa jikoni. Bibi alikuwa amekaa ukumbini kwenye mkeka, buibui lake bado analo, mikono mapajani. Akanitazama bila ya kuuliza.

"Haikuonekana," nikamwambia. Nikapiga magoti, nikamnong'oneza sikioni, karibu nicheke: "Na haitaonekana, bibi. Usiogope tena."

Akanikazia macho. Akanitazama uso, akanitazama mikono, akanitazama tena uso.

"Haitaonekana," akarudia polepole.

"Haitaonekana."

Akaomba maji. Nikampa, akayanywa yote, akasema gari itamwacha. Mama alitoka jikoni na sinia la chakula akamkuta ameshateremka ngazi. Nilidhani ni uchovu.

Niliandika ripoti yangu ya kamba, mwalimu akaisifu sana, khasa idadi ya magongo. Minazi sikuitaja.

Ilipita miezi miwili. Bibi hakuja. Nilijiambia kwamba tope limeingia mvua, makumbi hayajaoza vizuri. Siku moja mwenye duka la kamba akamwuliza mama, mimi nasikia, kama tuna habari za yule bibi, kwani amesikia kahama. Kulikosekana karatasi, akasema, na bila ya karatasi wakubwa walifuata ada: mti wa mgeni asiyekuwa na shahidi hurudi kwa mji. Minazi alipewa yule bwana aliyekuwa akiidai, mtu wa pale pale, na bibi kakimbilia kwa dada yake Mangapwani.

Nikawa nafikiri, kichwa kinanizunguka kama gurudumu: karatasi iliyosema ni mgeni haikuonekana, na bado kaondolewa. Basi karatasi ile ilikuwa na faida gani kwa mshtaki? Na kama haikuwa na faida kwake, ilikuwa na faida kwa nani?

Nikaitoa ile nambari chini ya godoro. Kesho yake nikapanda zile ngazi, safari hii sikumbuki kama nilikosha mikono, nikaomba daftari la hukumu. Nambari ilinipeleka moja kwa moja. Maneno yalikuwa mistari saba. Shtaka limekataliwa. Baba yake mlalamikaji mwenyewe ndiye aliyempa mgeni ruhusa ya kupanda, mbele ya wakubwa wanne wa wakati ule, nao wamekuja na wameshuhudia. Minazi ni ya aliyeipanda, na baada yake ya mkewe.

Niliisoma mara nyingi. Sikuwa na hofu wakati ule, nakumbuka, nilikuwa na kitu kizito zaidi ambacho sikukijua jina. Alhamdulillahi ya bibi ilikuwa ni shukurani tu. Karatasi ile, kwa nambari yake iliyopeleka kwenye hukumu, ndiyo ilikuwa shahidi wake wa pekee, wale wengine wote wameshakufa, na neno lake mwenyewe mwanamke juu ya mali yake lisingetosha mbele ya wakubwa. Hapo nikaelewa kwamba aliyeomba karatasi itafutwe mjini hakuwa mwingine. Ni yeye.

Nikalivuta bunda la visima, nikaitoa ile karatasi, nikaenda nayo mpaka mezani kwa karani nikaiweka mbele yake. Nikamweleza yote. Tarishi mlangoni alikuwa anasikia. Nilingoja neno polisi. Karani akaniambia niirudishe mwenyewe, kwa mkono wangu, pahala nilipoitoa. Nilipomaliza akachukua kalamu, akainakili hukumu kwa Kiswahili, akawaandikia wakubwa barua kwamba karatasi imeonekana ndani ya bunda jengine, imekosewa kupangwa. Hakuandika nani kakosea. Nakala moja akanipa mimi nimpelekee bibi.

"Baada ya hapo, mwanangu, chumba hiki usiingie tena," akasema. Na sikuingia.

Nilimkuta bibi Mangapwani, uani kwa dada yake, anachambua mchele. Alikuwa amekonda. Hakuwa na kamba wala makumbi. Hapo alikuwa mtu wa kupewa. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamsomea barua ya karani kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikamwambia wakubwa wameshaipata, minazi inarudi kwake. Akasema alhamdulillahi, na mara hii nilimsikia. Kisha nikamwambia kwamba aliyeificha karatasi ni mimi.

"Nnajua," akasema. "Toka siku ile uliponinong'oneza."

Mikono yake ikaendelea na mchele. Nilikuwa nimepekua karatasi za watu siku tano, nimeuliza barazani mbele ya wanaume, na huyu niliyelala naye kitanda kimoja sikumwuliza hata siku moja jambo lililomhusu yeye. Nikamwuliza hapo, kwa mara ya kwanza.

"Bibi, kama ulijua, kwa nini hukuwaambia wakubwa?"

"Ningeliwaambia nini? Kwamba mtoto wa watu kaiba karatasi ya serikali? Wangelikuja kukuchukua." Akapuliza makapi, akauweka ungo chini. "Minazi ni sita. Mama yako anaye wewe peke yako."

Kisha akauvuta mkeka kivulini, akaniambia nisogee nile.